Kuchagua Kampasi ya Muhula wa Kubadilishana Ulaya: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Afrika Mashariki

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayepata nafasi ya kusoma muhula mmoja au miwili Ulaya kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi huulizwa na jamaa na marafiki swali lile lile: unakwenda nchi gani? Naye mwenyewe, akiifungua orodha ya vyuo ambavyo chuo chake kina mikataba navyo, huanza kuchagua kwa jina la nchi, kisha kwa umaarufu wa mji. Huko ni kuanzia mwisho. Nchi haifundishi kozi, na umaarufu wa chuo kikuu haumpatii mgeni chumba cha kulala. Mambo yatakayoamua iwapo muhula huo utahesabiwa katika shahada yako au utapotea bure yako chini zaidi, katika kampasi: jengo ilimo idara itakayokupokea, kozi zinazofundishwa humo kwa lugha unayoimudu katika miezi ile utakayokuwapo, na umbali kati ya jengo hilo na kitanda chako.

Maelezo yanayofuata yanamhusu hasa mwanafunzi wa Tanzania anayekwenda kaskazini mwa Ulaya au Ujerumani kwa ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya ambao ni mojawapo ya njia zinazotumiwa sana na vyuo vyetu kupeleka na kupokea wanafunzi kwa muda mfupi. Mwanafunzi wa Kenya, Uganda au kwingineko anaweza kuyatumia pia, isipokuwa sehemu ya kalenda, ambayo itambidi aihesabu upya kwa ratiba ya chuo chake.

Anza na orodha iliyo hai

Erasmus+ haimruhusu mwanafunzi kujipeleka katika chuo chochote akipendacho. Safari hufanyika chini ya mkataba kati ya vyuo viwili, na mkataba huo mara nyingi hutaja fani, ngazi ya masomo na idadi ya nafasi. Chuo chako kinaweza kuwa na mkataba na chuo fulani cha Uswidi, lakini mkataba huo ukawa wa wanafunzi wa uzamili wa sayansi ya bahari peke yao; mwanafunzi wa sheria anayeliona jina la chuo hicho kwenye tangazo na kuanza kujiandaa anajichosha bure. Kwa hiyo nenda ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako, na kwa kila mkataba uliza fani inayotajwa, ngazi, idadi ya nafasi kwa mwaka unaokuhusu, na tarehe ambayo mkataba unakwisha. Omba majibu hayo kwa barua pepe, kwa sababu utayahitaji tena utakapoulizwa na mkuu wa idara yako, na kwa sababu mkataba uliokwisha muda wake haumpeleki mtu popote hata kama jina la chuo bado limebandikwa ubaoni.

Chini ya mpango huu mwanafunzi hukaa kati ya miezi 2 na 12, hatozwi ada ya masomo na chuo kinachompokea, na hupewa posho ya kujikimu ambayo kwa wanaotoka nchi kama zetu imekuwa kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kulingana na gharama za maisha za nchi anayokwenda, pamoja na mchango wa nauli unaokokotolewa kwa umbali. Michango midogo, kama ile ya bima, ya chama cha wanafunzi au ya vifaa vya maabara, chuo kinaweza kumtoza mgeni kama kinavyowatoza wanafunzi wake. Liangalie vizuri jambo hili la posho. Tofauti kati ya nchi ya gharama kubwa na nchi ya gharama ndogo ni euro 100 tu kwa mwezi, ilhali tofauti ya kodi ya chumba kati ya jiji kubwa na mji mdogo ndani ya nchi hiyo hiyo inaweza kuizidi. Hata kwa upande wa mfuko, kampasi ina uzito kuliko nchi.

Jina moja la chuo, kampasi nyingi

Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua, kwa kuwa vyuo vyetu vingi tunavijua kwa mahali vilipo: ukisema Mlimani, kila mtu Dar es Salaam anajua unakokwenda. Ulaya jina la chuo halielezi kila kitu. Chuo Kikuu cha Uppsala, kilichoanzishwa mwaka 1477, kina makao yake katika mji wa Uppsala, si mbali na Stockholm. Lakini tangu mwaka 2013, kilipounganishwa na chuo cha kisiwani Gotland, kina pia kampasi katika mji wa Visby, na kufika huko kunahitaji ndege au meli ya zaidi ya saa tatu kutoka bara. Kozi zilizoandikwa Campus Gotland zinafundishwa Visby. Mwanafunzi hawezi kuchukua moja huko na nyingine Uppsala katika wiki zile zile.

NTNU, chuo kikuu kikubwa cha sayansi na teknolojia nchini Norwei, nacho kina makao Trondheim, ila tangu muungano wa mwaka 2016 kina kampasi za Gjøvik na Ålesund, na kati ya Gjøvik na Trondheim kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara. Mtu aliyejiandaa kwa maisha ya Trondheim akapangiwa Gjøvik hajaonewa na mtu yeyote, kwa kuwa jina la kampasi lilikuwepo kwenye ukurasa wa kozi tangu mwanzo.

Hali ya Chuo Kikuu cha Helsinki ni tofauti kidogo. Kampasi zake nne zote zimo ndani ya jiji, lakini kila moja ina fani zake: ile ya katikati ya jiji ina sheria, theolojia, fani za binadamu na sayansi za jamii, Kumpula ina fizikia, kemia, hisabati na sayansi ya kompyuta, Meilahti ni ya tiba, na Viikki, iliyo kama kilomita nane kutoka katikati ya jiji, ina kilimo na misitu, bayolojia na mazingira, famasia na tiba ya mifugo. Viikki ina mashamba ya utafiti na zizi la ng'ombe ndani ya mipaka ya jiji kuu la nchi, jambo ambalo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo atalifurahia kuliko mwanafunzi aliyekwenda akitarajia mitaa ya mjini. Huyu wa pili akae karibu na kampasi ya katikati, kama fani yake inamruhusu.

Kwa kila chuo kilichobaki kwenye orodha yako, basi, tafuta anwani ya jengo la idara, yaani mtaa na namba, uiandike kando ya jina la chuo. Ukishindwa kuipata kwenye tovuti, mwandikie mratibu wa wanafunzi wa kubadilishana wa kitivo hicho umuulize kozi za muhula utakaokuwapo zinafundishwa katika kampasi ipi. Hilo ni swali la kawaida, nao hulijibu haraka.

Kozi ndizo zinazoamua

Ukishajua kampasi zinazowezekana, ziache kwanza, urudi nyumbani kwenye mwongozo wa programu yako. Tazama muhula utakaokosekana: ni kozi zipi za lazima, zipi za kuchagua, na zipi za lazima ambazo zinafundishwa mara moja tu kwa mwaka na ni sharti la kozi za mwaka unaofuata. Kozi za aina hii ya mwisho ndizo hatari. Ukizikosa bila kupata mbadala unaokubaliwa, utarudi na kusubiri mwaka mzima ili uzisome, huku wenzako wakivaa majoho. Waliopitia mpango huu wakakaa chuoni mwaka wa ziada mara nyingi walikwama hapa.

Baada ya hapo fanya hesabu ya uzito. Katika mfumo wa Ulaya, unaofupishwa ECTS, mwaka mmoja wa masomo ya muda wote una krediti 60, sawa na 30 kwa muhula, na kila krediti inahesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30 za mwanafunzi. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania krediti moja ni saa 10, na mwaka wa shahada ya kwanza una krediti 120. Kwa kulinganisha mwaka kwa mwaka, krediti moja ya Ulaya inasimama mahali pa mbili za kwetu. Kozi ya krediti 5 huko inaweza kuchukua nafasi ya kozi ya krediti 10 hapa, mradi maudhui yanafanana. Lakini mwenye kauli ya mwisho ni idara yako, kwa hiyo usiifanye hesabu hii kuwa siri. Iandike katika jedwali, kozi ya nyumbani upande mmoja na ya ugenini upande wa pili, umpelekee mkuu wa idara au mratibu wa programu kabla hujaomba.

Tumchukue mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa misitu kutoka Morogoro anayefikiria Viikki. Anafungua orodha ya kozi za kitivo, anakutana na kozi ya ikolojia ya misitu ya krediti 5, naye anafurahi kwa kuwa jina linafanana na kozi yake. Asiishie kwenye jina. Asome kwanza lugha ya kufundishia, kwa sababu kozi nyingi za shahada ya kwanza Ufini hufundishwa kwa Kifini, na zile za Kiingereza zimejaa zaidi katika uzamili. Asome ngazi, na kama ni ya uzamili aulize iwapo mgeni wa shahada ya kwanza anaruhusiwa. Asome masharti ya awali. Asome kipindi: mwaka wa Helsinki umegawanywa katika vipindi vinne vya takriban wiki saba saba, viwili vya vuli na viwili vya masika, na kozi ya kipindi cha tatu haimsaidii mtu atakayeondoka Desemba. Mwisho asome namna ya kufundisha. Kituo cha misitu cha Hyytiälä, ambako wanafunzi wa chuo hicho hupelekwa kujifunza uwandani, kiko zaidi ya kilomita 200 kaskazini mwa Helsinki, na mafunzo ya misitu ya uwandani huko hufanyika hasa majira ya joto. Kama kilichomvutia ni kukanyaga msitu wa kaskazini, basi muhula wa vuli na kampasi nzuri hivyo havitampa alichokitaka, na ni bora alijue hilo mapema akiwa bado na nafasi ya kupanga.

Mtindo wa kufundisha hutofautiana kati ya nchi na nchi kuliko watu wanavyodhani. Katika vyuo vingi vya Uswidi kozi hufundishwa moja baada ya nyingine: muhula wa krediti 30 unaweza kuwa kozi nne za krediti 7.5, kila moja ikichukua wiki tano hivi, ikifungwa kwa mtihani kabla ya inayofuata kuanza. Ujerumani kozi huenda sambamba muhula mzima, na mitihani hukusanyika mwishoni. Ubora si hoja hapa. Hoja ni kinachotokea viza ikichelewa. Mwanafunzi aliyechelewa wiki tatu kufika Ujerumani atahangaika kufidia mihadhara lakini kozi zake zote bado zipo. Aliyechelewa wiki tatu kufika Uswidi huenda amepoteza kozi nzima ya kwanza, yaani robo ya muhula wake. Kama ofisi ya uhamiaji ya nchi unayokwenda inajulikana kwa taratibu ndefu, jambo hili lipe uzito unaostahili.

Kwa kila kampasi, orodhesha kozi zinazokufaa hadi zifike angalau mara moja na nusu ya unazohitaji. Kozi hufutwa, hujaa, au hugongana katika ratiba. Kampasi inayokupa krediti 30 kamili bila ziada ni kampasi dhaifu kwako, hata iwe ya chuo chenye jina gani.

Kalenda mbili zikigongana

Mwaka wa masomo wa vyuo vya Tanzania kwa kawaida huanza kati ya Oktoba na Novemba. Muhula wa vuli wa Uswidi huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika katikati ya Januari. Wa Ufini huanza Septemba na kumalizika Desemba. Mwanafunzi wa Tanzania anayekwenda vuli hukosa muhula wake wa kwanza na kurudi kabla ya wa pili kuanza, na mpango huo unakaa vizuri. Muhula wa masika wa Uswidi, ambao huanza katikati ya Januari, ndio wenye matatizo: unaanza wakati mitihani ya muhula wa kwanza nyumbani bado haijafanyika. Usikubali kwenda masika Uswidi au Ufini kwa ahadi ya jumla kwamba mitihani yako itaangaliwa. Pata barua ya idara inayosema utaifanya lini na kwa utaratibu gani.

Ujerumani hali ni nyingine tena. Muhula wa baridi huandikwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi, lakini vipindi vya darasani huanza katikati ya Oktoba na kumalizika Februari. Muhula wa majira ya joto huandikwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Septemba, na darasa huenda kuanzia katikati ya Aprili hadi Julai. Huu wa pili unalingana kwa karibu na muhula wa pili wa Tanzania, ndiyo maana kwa mwanafunzi asiyeweza kukosa muhula wa kwanza napendekeza Ujerumani kabla ya nchi za Skandinavia. Angalizo ni kwamba idara nyingine za huko huweka mitihani au makala za mwisho baada ya vipindi kwisha, na mwalimu anaweza kutaka makala ya kurasa kadhaa mwezi Septemba. Uliza tarehe hiyo.

Mnufaika wa mkopo wa Bodi ya Mikopo aulize mapema, kwa maandishi, fedha zake za muhula huo zitakuwaje, na ahakikishe chuo chake kinamhesabu kuwa mwanafunzi anayeendelea na masomo. Kuahirisha masomo na kwenda kwa kubadilishana ni mambo mawili tofauti, na karani akiyachanganya kwenye mfumo, kulirekebisha jambo hilo ukiwa mbali ni kazi ngumu.

Chumba, chakula na njia

Uhaba wa vyumba vya wanafunzi katika miji mikubwa ya Ulaya ni wa kweli, na katika miji ya Uholanzi umekuwa mkali kiasi kwamba vyuo vyenyewe vimewahi kuwashauri wageni wasisafiri kama hawajapata pa kukaa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila kampasi ni hili: je, chuo kinawahakikishia wanafunzi wa kubadilishana chumba, au kinawasaidia tu kutafuta? Maneno hayo mawili yako mbali sana. Helsinki kuna shirika la HOAS linalopangisha vyumba vya wanafunzi. Ujerumani kuna mashirika ya huduma za wanafunzi, Studierendenwerk, yenye mabweni na kantini katika kila mji wa chuo. Maombi ya vyumba hivyo mara nyingi hufunguliwa kabla hata ya viza kupatikana, na anayesubiri viza ndipo aombe chumba hukuta wenzake wameshajaa.

Anwani ya jengo la idara uliyoiandika mwanzoni inafanya kazi yake hapa. Fungua ramani, weka anwani ya bweni unalotarajia na anwani ya idara, kisha omba njia ya usafiri wa umma kwa siku ya Jumatatu, ukitaka kufika saa mbili na robo asubuhi. Huo ndio muda ambao vipindi vingi vya kwanza huanza huko, kwa kuwa kipindi kilichoandikwa saa mbili kamili kwa desturi ya vyuo vingi vya Ujerumani na nchi za kaskazini huanza robo saa baadaye. Angalia mabasi mangapi unabadilisha na unatembea dakika ngapi. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa saa nne usiku, unapotoka maktaba. Dakika 20 za kutembea ni kitu chepesi mwezi Septemba. Mwezi Januari, njia ikiwa na barafu na wewe hujazoea viatu vyake, ni safari nyingine kabisa. Bweni la bei ya juu kidogo lililo karibu na kampasi linaweza kuwa nafuu kuliko la bei ndogo lililo mbali, ukijumlisha tiketi za mwezi.

Kuhusu chakula, nchi zinazogharamia mlo wa mwanafunzi humpunguzia mgeni mzigo mkubwa. Katika kantini za wanafunzi za Ufini mlo kamili wa mchana, pamoja na saladi, mkate na kinywaji, hugharimu takriban euro 3 kwa mwenye kadi ya mwanafunzi inayotambulika, na kantini hizo zipo katika kila kampasi ya Helsinki. Mla chakula halali ataangalia pia duka la nyama lililo karibu: Helsinki ina jamii kubwa ya Wasomali, hasa upande wa mashariki mwa jiji, na maduka ya aina hiyo si ya kutafuta kwa tochi, ilhali mji mdogo unaweza kuwa na duka moja au usiwe nalo kabisa.

Posho ya kwanza mara nyingi huingia baada ya kufika na kufungua akaunti, ilhali mwenye nyumba hutaka dhamana na kodi ya mwezi wa kwanza kabla ya kukupa ufunguo. Muulize mratibu wa chuo kinachokupokea posho hulipwa lini na kwa awamu ngapi, na uzitafute fedha za kukuvusha wiki hizo za mwanzo ukiwa bado nyumbani.

Mwanga, baridi na watu

Baridi hununuliwa koti. Giza ni jambo linalohitaji kufikiriwa zaidi, kwa sababu sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea saa 12 za mchana mwaka mzima na hatujui mwili utaitikiaje. Helsinki katika siku fupi zaidi za Desemba ina mwanga wa mchana kwa muda usiofika saa sita. Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Kuna wanaoishi vizuri katika hali hiyo, na kwa mtu wa fizikia ya anga au wa bayolojia ya bahari ya kaskazini hakuna mahali pazuri kuliko hapo. Lakini mtu mwenye historia ya sonona, au anayejua kwamba upweke humwelemea, achague kampasi ya kusini zaidi au aende muhula wa masika, na asilione hilo kuwa udhaifu.

Ukubwa wa mji nao una maana yake. Bayreuth, kusini mwa Ujerumani, ni mji wenye watu takriban 75,000, na chuo chake kikuu, kilichofunguliwa mwaka 1975, kina kampasi moja iliyoshikana ambayo unaweza kuizunguka kwa miguu kati ya kipindi na kipindi. Mtu anayetarajia pilikapilika za jiji atauona mji huo kuwa mkimya mno. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili, isimu au fasihi atakuta hapo taaluma za Afrika zenye mizizi, maktaba yenye vitabu vya Kiswahili, na kongamano la Kiswahili linalofanyika kila mwaka na kuwakusanya watafiti kutoka Afrika Mashariki na Ulaya. Kwa mwanafunzi huyo Bayreuth ni bora kuliko Berlin au Munich, nami ningempa ushauri huo bila kusita. Helsinki nayo ina jina katika uwanja huu kwa sababu ya kongoo yake ya Kiswahili, mkusanyiko mkubwa wa matini unaotumiwa na watafiti wa lugha.

Zungumza na mtu aliyewahi kukaa katika kampasi ile ile, si katika nchi ile tu. Ofisi yako ya uhusiano wa kimataifa inaweza kukuunganisha naye. Ukimpata usimuulize kama alipenda; muulize alilipa kodi kiasi gani, idara ilijibu barua pepe zake baada ya muda gani, kozi ngapi kati ya alizozichukua zilihesabiwa aliporudi, alikwenda wapi alipougua, na alitendewaje mitaani na ofisini akiwa Mwafrika. Msichana amuulize msichana mwenzake kuhusu njia za usiku. Mwanafunzi mwenye ulemavu aombe mratibu amwelezee lifti, milango na bweni kabla ya kuomba, kwa sababu majengo ya karne zilizopita katika miji mikongwe yana ngazi nyingi kuliko picha zinavyoonyesha.

Karatasi zinazoweza kuamua badala yako

Muhula unazidi siku 90, kwa hiyo viza ya kawaida ya Schengen haitoshi. Utahitaji viza ya kitaifa ya muda mrefu au kibali cha ukaazi cha nchi husika. Kabla ya kuweka chuo juu ya orodha yako, jua ombi linawasilishwa wapi. Baadhi ya nchi hazipokei maombi Dar es Salaam, na mwombaji hulazimika kusafiri hadi Nairobi kwa ajili ya alama za vidole, gharama ambayo huwa haimo katika bajeti ya mtu. Ujerumani, kwa mfano, humtaka mwanafunzi aonyeshe uwezo wa kujikimu, na anayejilipia huweka fedha katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka au euro 992 kwa mwezi. Barua ya ufadhili inaweza kushika nafasi ya akaunti hiyo, lakini posho ya euro 800 hadi 900 haifiki 992, na ubalozi unaweza kukuuliza pengo hilo linazibwaje. Liulize swali hilo ubalozini mapema na uwe na jibu mkononi.

Kupanga orodha na kusaini

Unapojaza fomu ya maombi, weka juu kampasi yenye kozi nyingi zinazohesabika, hata kama si yenye mji unaoutamani. Nafasi ya pili iwe kampasi ambayo ungekwenda kwa moyo mweupe, kwa sababu mara nyingi ndiyo utakayopewa. Usiijaze nafasi ya tatu kwa ajili ya kuijaza. Kama huna kampasi ya tatu inayokufaa, iache wazi. Katika barua ya maombi taja kozi kwa majina na misimbo yake na ueleze kila moja inachukua nafasi ya ipi nyumbani. Wajumbe wa kamati husoma barua nyingi zinazosifu nchi na utamaduni wake, na ile inayoonyesha kwamba mwombaji ameshafungua ukurasa wa kozi hujitenga yenyewe.

Ukichaguliwa, utajaza mkataba wa masomo unaosainiwa na watu watatu: wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Huo ndio ulinzi wako. Kozi isiyoandikwa humo, idara yako haina wajibu wa kuihesabu, na iliyoandikwa na kusainiwa haiwezi kukataliwa kirahisi ukishaifaulu. Hakikisha saini ya nyumbani imewekwa na mtu mwenye mamlaka ya kuamua kuhusu kozi, kwa kuwa saini ya ofisi ya kimataifa peke yake huenda isitambuliwe na idara. Ukifika na kukuta kozi imefutwa au inagongana na nyingine, mkataba unaweza kubadilishwa katika wiki za mwanzo za muhula: chagua mbadala kutoka katika ile ziada uliyoiorodhesha, mwandikie mratibu wa nyumbani siku hiyo hiyo, na usubiri kibali chake kwa maandishi kabla ya kujisajili katika mtihani wa kozi hiyo mpya.